Mkono wa Mgonjwa Usipuuzwe

Katika miaka ya karibuni wananchi wa Unguja na Pemba wameshuhudia hospitali mpya za wilaya zikijengwa na kufunguliwa, na ndani yake vyumba vya upasuaji na vitanda vya wagonjwa mahututi. Hilo ni jambo la kujivunia, wala hatuna nia ya kulipunguza. Lakini jengo ni jambo moja, na uangalizi wa mgonjwa aliyelazwa ndani yake ni jambo jingine. Leo tunapenda kuzungumzia kazi ambayo hainunuliwi kwa zabuni, haihitaji umeme, wala haichukui hata mstari mmoja katika makadirio ya matumizi. Nayo ni kuangalia kama damu ya mgonjwa inafika kwenye ncha za vidole vyake.

Huenda msomaji akauliza gazeti lina shughuli gani na vidole vya mgonjwa. Jibu letu ni kwamba jambo hili linahusu uhai wa watu wengi kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliokusanya habari kutoka hospitali za nchi 22 za Afrika, ulionyesha kwamba karibu mgonjwa 1 katika kila 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na kwamba zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao hawakuwa katika vyumba maalumu vyenye mitambo. Walikuwa katika wodi za kawaida. Maana yake ni kwamba uhai wa wengi wao ulitegemea macho, mikono na uangalifu wa muuguzi wa zamu.

Kwanza tueleze mambo yalivyo. Katika karne ya 13, tabibu Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, kisha ikarudi upande wa kushoto. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alithibitisha kuwa damu huzunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Mwaka 1661 Malpighi wa Italia aliviona kwa hadubini vishipa vyembamba mno ambavyo damu hupitia kutoka mishipa mikubwa ya kwenda hadi mishipa ya kurudi. Katika vishipa hivyo ndimo hewa safi na chakula huifikia nyama ya mwili. Moyo ukidunda vizuri lakini damu isivifikie vishipa hivyo, mwili una njaa ingawa ghala limejaa.

Mwili wa mwanadamu, unapopungukiwa na damu au unaposhambuliwa na maradhi makali, hufanya kama serikali iliyofikwa na dhiki. Hulinda kwanza makao makuu, yaani ubongo na moyo, na huanza kubana matumizi ya pembezoni. Mishipa ya ngozi, ya mikono na ya miguu hujikaza. Vidole huwa baridi, kucha hupoteza wekundu wake, na jasho jembamba hutoka. Hayo yote hutokea mapema, wakati makao makuu bado yanatoa taarifa kwamba hali ni shwari. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya maradhi haya hukusanyika kwanza katika ncha za mwili.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tumezoea kuuliza, "Presha yake ngapi?" na tukijibiwa kuwa ni nzuri, tunatulia. Lakini mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu na kipimo cha presha kikabaki karibu na kawaida, kwa sababu mishipa imejikaza kuishikilia. Mama aliyejifungua ana hatari zaidi ya kutudanganya, kwani ujauzito humwongezea damu mwilini. Huweza kuendelea kutoka damu polepole, akazungumza na jamaa zake, presha yake ikasomeka vyema, kisha akaanguka kwa ghafla. Presha inaposhuka, mwili umekwisha kushindwa kujitetea. Mkono wake, kama ungeshikwa, ungetoa habari mapema.

Kipimo chenyewe ni chepesi kukieleza. Muuguzi huinua mkono wa mgonjwa usawa wa moyo, hubonyeza ncha ya kidole mpaka damu itoke na mahali pale pawe peupe, kisha huachia na kuhesabu sekunde hadi rangi irudi. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 2 au 3, damu inafika. Ikichelewa zaidi ya hapo, kuna jambo. Kipimo hiki si kigeni. Mwaka 1947 Henry Beecher, mtaalamu wa dawa za usingizi wa Marekani, na wenzake walikitumia katika kueleza hali ya askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1969 madaktari Joly na Weil walionyesha kwamba joto la kidole gumba cha mguu husaidia kupima ukali wa hali ambayo waganga huiita mshituko, yaani mwili kukosa damu ya kutosha katika viungo vyake. Hiyo si fadhaa ya moyo wanayoifahamu watu wa mitaani.

Hata hivyo, chepesi kukieleza si chepesi kukitenda kwa usahihi. Uchunguzi wa mwaka 1988 ulibainisha kwamba wazee wenye afya njema huweza kuchukua hadi sekunde 4 na nusu, na wanawake huchelewa kidogo kuliko wanaume. Baridi huchelewesha. Mwanga hafifu hudanganya. Wako wanaobonyeza kwa sekunde 5 na wako wanaobonyeza kwa sekunde 10. Mmoja hutumia saa, mwingine hukisia. Wauguzi wawili wakipima mgonjwa mmoja kwa njia mbili, majibu yao hayalingani, na mganga wa asubuhi hajui amwamini nani. Ndiyo maana tunasema kipimo hiki kinahitaji kanuni, sawa na vipimo vinginevyo.

Katika chumba cha upasuaji jambo hili lina utata wake. Mgonjwa aliyepewa nusukaputi hasemi kwamba anasikia baridi, wala hawezi kulalamika kizunguzungu. Zaidi ya hayo, dawa zenyewe za usingizi hulegeza mishipa. Mkono unaweza kuwa na joto na rangi ikarudi upesi, huku presha imeshuka. Katika saa ya kwanza joto la ndani ya mwili hukimbilia kwenye ngozi, na kiini cha mwili huweza kupoa kwa nyuzi 1 hadi 1 na nusu za Selsiasi. Baadaye, katika chumba chenye baridi, ngozi nayo hupoa na rangi huchelewa kurudi hata kama damu haijapotea. Kwa mama anayepasuliwa kwa sindano ya ganzi ya mgongo, miguu huwa na joto kwa sababu neva zinazokaza mishipa yake zimelazwa. Miguu hiyo haifai kuwa shahidi wakati huo. Shahidi atafutwe mkononi.

Kuna hali nyingine inayostahili kufikiriwa na kila mtu mwenye madaraka. Mgonjwa mahututi akishuka presha hupewa dawa za kukaza mishipa, na mara nyingi dawa hizo humwokoa. Lakini yawezekana tarakimu katika kioo cha mtambo ikapendeza huku vidole vikizidi kuwa baridi, kwa kuwa presha imepatikana kwa kuzifunga njia za pembezoni. Sisi tuliozoea kusoma ripoti tunalijua jambo hilo vizuri. Makao makuu yanaweza kuwa na takwimu safi, na kijiji kisiwe na maji. Mganga mwangalifu, kama kiongozi mwangalifu, hatosheki na tarakimu mpaka afike kijijini akajionee.

Sasa tutazame ushahidi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vyumba 28 vya wagonjwa mahututi vya nchi 5 za Amerika ya Kusini, kwa wagonjwa 424 waliokuwa katika mshituko uliotokana na maambukizo makali. Nusu yao waliongozwa kwa kipimo cha laktati, yaani asidi inayopimwa katika damu kwa mtambo, kila baada ya saa 2. Nusu ya pili waliongozwa kwa kidole, kila baada ya dakika 30. Katika siku 28 walifariki asilimia 34.9 ya waliopimwa kwa kidole, na asilimia 43.4 ya waliopimwa kwa laktati. Uadilifu unatutaka tuongeze kwamba tofauti hiyo haikufikia kiwango ambacho wanatakwimu hukihesabu kuwa ni uthibitisho kamili. Lakini hata msomaji mwenye shaka atakubali kwamba kidole, kisichogharimu senti, hakikuonekana kushindwa na maabara. Na jambo moja zaidi: waliopimwa kwa kidole walipewa maji kidogo zaidi ya mishipani, kwa sababu rangi ya kidole hurudi upesi mwili unapopata nafuu, na waganga wakajua wakati wa kuacha.

Suala la maji ndilo linalotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki kwa uchungu. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono baridi amwagiwe maji mengi mishipani kwa haraka. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ambapo kwa upande wetu watoto walitibiwa katika Hospitali ya Teule huko Muheza, mkoani Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika pembezoni waligawanywa katika makundi matatu. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Waliopewa maji mengi kwa haraka, yawe ya chumvi au ya albumini, walifariki kwa asilimia 10.5 na 10.6 katika saa 48. Waliopewa kidogo kidogo walifariki kwa asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Miaka 6 baadaye, mwaka 2017, utafiti wa Lusaka, Zambia, ulileta onyo kama hilo kwa watu wazima. Wagonjwa wenye maambukizo makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI, walipofuata utaratibu wa maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha, walifariki kwa asilimia 48.1, na waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida walifariki kwa asilimia 33.0.

Matokeo haya hayasemi kwamba maji ni sumu. Mgonjwa wa kipindupindu na mtoto aliyekaushwa na kuharisha wanahitaji maji, tena kwa wingi na kwa haraka. Mama anayetoka damu anahitaji damu izuiwe na nyingine irudishwe. Utafiti wa watoto haukuwahusisha wenye kuharisha. Funzo lenyewe ni kwamba mkono baridi unatueleza kuwa kuna dhiki, bali hautuelezi peke yake chanzo cha dhiki hiyo wala dawa yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2016, lilisisitiza kwamba mtoto asihesabiwe kuwa katika mshituko mpaka dalili tatu ziwepo pamoja: rangi kuchelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, mikono na miguu baridi, na mapigo dhaifu yaendayo mbio. Dalili ni barua, nayo husomwa yote hadi mwisho.

Wananchi nao wana sehemu yao katika hili. Iko desturi kwetu kwamba mgonjwa asiyetundikiwa dripu hakutibiwa. Jamaa humsonga muuguzi, "Mbona hatiwi maji?" na muuguzi, ili apate amani, hutundika. Tunawaomba ndugu zetu waiache desturi hiyo. Chupa ya maji ni dawa kama dawa nyingine, ina kipimo chake, ina wanaoihitaji na ina wanaodhurika nayo.

Tuje kwenye mitambo. Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho asili yake ni kazi ya mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, ni chombo chenye manufaa makubwa. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo kipima oksijeni ni sehemu yake, ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara hapa Tanzania. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2009, vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Vilivyo bora miongoni mwa vipima hivyo huonyesha pia nguvu ya damu inayodunda kidoleni, na hivyo humsaidia mtoa dawa za usingizi kujua hali ya pembezoni bila kumwacha mgonjwa.

Lakini chombo hiki kina udhaifu unaotuhusu sisi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, upungufu wa oksijeni ambao kipima hakikuuona ulitokea karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kadhalika madoa ya rangi ya zambarau yanayojitokeza gotini kwa mgonjwa mahututi, ambayo madaktari wa Paris waliyapangia alama mwaka 2011, ni vigumu kuyaona katika ngozi nyeusi. Na wanawake wetu hujipamba kwa hina na piko, hasa katika sikukuu, arusi na baada ya uzazi. Piko nyeusi kidoleni huweza kuzuia mwanga wa chombo, na pia huficha rangi ambayo muuguzi anaitafuta. Muuguzi wa visiwani hana budi kujua kutafuta mahali pasipopakwa: kidole kingine, ndewe ya sikio kwa kipima, kifua au paji la uso kwa kubonyeza.  Ni juu yetu kuyaandika.

Tusisahau pia yaliyotupata. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa karibu miezi mitatu. Mitambo ilitegemea jenereta, na jenereta ilitegemea mafuta. Mkono wa muuguzi haukuzimika.

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, iandikwe kanuni moja kwa visiwa vyote: kidole kipi kibonyezwe, kwa sekunde ngapi, katika mwanga upi, kwa saa ya mkononi na si kwa kukisia, na kikomo kiwe kipi kwa mtoto, mtu mzima na mzee.

Pili, kipimo hiki kipewe safu yake katika karatasi ya mgonjwa, kando ya presha, mapigo, pumzi na joto. Kipimwe kabla ya dawa ya usingizi, wakati wa upasuaji na mgonjwa anapozinduka, ili alinganishwe na hali yake mwenyewe. Kadhalika kila mama aliyejifungua apimwe.

Tatu, mgonjwa anayesafirishwa kutoka Tumbatu, Kojani, Fundo au kisiwa kinginecho aandikiwe hali ya mikono yake chomboni anapoondoka, na apimwe tena anapofika. Waliompokea wajue kama njiani amepata nafuu au amezidiwa.

Nne, wanaonunua vipima oksijeni waulize maswali kabla ya kutia saini. Je, vimejaribiwa kwa watu weusi? Vina vibanio vya watoto wachanga? Betri inakaa muda gani? Nani atavitengeneza vikiharibika? Chombo kibovu ndani ya kabati ni fedha ya umma iliyozikwa.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, tusimtwike muuguzi mmoja wodi nzima ya usiku kisha tumtake apime kila mgonjwa mahututi kila nusu saa. Kipimo ni cha bure, lakini wakati wa muuguzi si wa bure. Vivyo hivyo viwango vya kimataifa vya mwaka 2018 kuhusu usalama wa nusukaputi vinataka mtoa dawa aliyefunzwa asimwache mgonjwa hata kidogo. Serikali inayojenga vyumba vya upasuaji haina budi kusomesha na kuajiri watu wa kukaa ndani yake.

Mwisho, tunawaambia wananchi kwamba wao ndio hukaa kitandani pamoja na mgonjwa na kumshika mkono. Mkono ukiwa baridi, jasho likiwa jembamba, mgonjwa akianza kutapatapa au kusinzia pasipo sababu, wamwite muuguzi wala wasione haya. Na muuguzi anayeitwa aje, hata kama presha ya saa moja iliyopita ilikuwa nzuri. Uhai wa mtu huanza kupungua katika ncha za vidole, na aliye karibu nazo ana wajibu wa kusema.